Juisi ya Pasheni Ukutani

Aibu hii nimekaa nayo peke yangu tangu mwaka jana, na nikiwasimulia leo ni kwa sababu nimechoka masikio kuniwaka moto kila nikiona mtu anakunywa juisi ya pasheni. Kilichoninyima usingizi ni swali dogo tu: nizime simu au nisizime? Kesho yake nilikuwa na mahojiano ya kazi katikati ya jiji, kwenye kampuni inayotengeneza juisi (mahojiano ya kwanza kuitwa tangu nimalize chuo), na mpwa wangu Nyambura, msichana wa miaka minne, alikuwa amelazwa hospitali moja kule Upper Hill baada ya kufunguliwa kifua na kuzibwa tundu kwenye moyo.

Moyo wenyewe ulikuwa unaendelea vizuri. Tulichokuwa tunangoja ni figo. Nesi alitueleza mimi na dada yangu Njeri, mama yake Nyambura, pole pole kama mtu anayefundisha: wakati wa upasuaji mashine ndiyo inayosukuma damu badala ya moyo, na kuna watoto ambao baada ya hapo figo zao ni kama zinalala. Akatuonyesha mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia kando ya kitanda, una mistari ya kupimia pembeni, karibu mtupu.

"Muangalie hapa," alisema. "Moyo ukisukuma vizuri na figo ziamke, huu mfuko ndio utawaambia."

Zisipoamka kufikia mchana, mtoto angeunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Ilikuwa imeshaletwa, imesimama pale ukutani kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia aketi.

"Wewe nenda kwa hiyo interviu," Njeri aliniambia. "Ukikaa hapa utamwangalia huyu mtoto na hayo macho mpaka aamke akupe pole."

Nilikubali, ila nikamwomba kitu kimoja. Habari ikija asiniandikie maneno, kwa sababu akiniandikia "yuko sawa" nitaanza kujiuliza mbona hakusema "yuko sawa kabisa". Anitumie picha ya mfuko. Mfuko umejaa au haujajaa, basi. (Mnaona mtego niliojitegea mwenyewe?)

Asubuhi nilitoka nyumbani Riruta bila kupata hata lepe la usingizi, na jiji lote likawa kama liko chini ya maji, watu wanapita bila sauti, madirisha ya maghorofa yanameremeta, na mimi naelea katikati yao na tai ya kuazima. Chumba cha mahojiano kilikuwa ghorofa ya juu, mapazia yamefungwa, vumbi likicheza taratibu kwenye mwanga wa projekta. Mezani walikaa wawili: mama mmoja mwenye miwani, ndiye mkubwa wao, na meneja wa mauzo, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Nilitakiwa kuwaonyesha wazo la juisi mpya. Picha zangu zilikuwa kwenye simu, simu ikaunganishwa na projekta kwa waya, na hapo nikafanya uamuzi mdogo kabisa, wa kufumba na kufumbua: nikaacha data ikiwa imewashwa.

Nilikuwa kwenye picha ya tatu, ya maembe, simu ilipotetemeka. Nikaona jina la Njeri. Naapa sikufikiria (mimi, ninayefikiria hadi soksi), kidole kikabonyeza chenyewe, na picha ikajaa ukuta mzima.

Mfuko ulikuwa umepita nusu. Jua la dirisha la wodi lilikuwa limepita ndani yake, rangi ya dhahabu iliyoiva, na dhahabu hiyo ikaenea chumbani, ikapaka meza, glasi za maji, miwani ya yule mama. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo maishani mwangu. Machozi yakaanza kunitoka.

"Wah!" meneja akasema. "Cheki hiyo rangi! Ni ya tunda gani?"

Mtu mwenye akili timamu angeomba radhi. Mimi nikasikia sauti yangu ikitoka mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Pasheni."

"Na hukuongeza rangi ya dukani?" mama akauliza, akiinama mbele.

"Hapana, mama. Imetoka hivyo hivyo."

"Na pakiti yake iko safi sana," meneja akaendelea. "Ona, imewekwa vipimo, mtu anajua amebakisha ngapi. Huo mpira hapo ni mrija, sindio? Hapo umefikiria watoto."

"Watoto," nikajibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu, "ndio nimewafikiria usiku kucha."

"Mimi hiyo ikiwa baridi ningeimaliza saa hii!"

Hapo ujumbe wa pili ukaingia, ukashuka juu ya picha kwa herufi kubwa kama mlango: AMEKOJOA!!! NESI ANASEMA FIGO ZIMEAMKA! MPIGIE MAMA NYUMBANI!

Yule mama akasoma kwa sauti, pole pole: "Amekojoa." Meneja akaweka chini glasi yake ya maji na kuisukuma mbali.

Nikawaeleza yote kwa pumzi moja, moyo, figo, mashine, mfuko. Mama akavua miwani.

"Bado una picha za kutuonyesha," akasema. "Maliza, tunakusikiliza."

Siku nyingine ningejiuliza wiki nzima kama hiyo ni huruma au adhabu. Lakini ukuta bado ulikuwa unang'aa, na mimi habari hiyo nilikuwa nimeiona kwa picha tu.

"Asante, mama. Wacha niende nikamwone."

Nikachomoa waya, dhahabu ikazimika, nikatoka. Nilipanda hadi Upper Hill kwa miguu bila kuhisi lami. Wodini ile mashine ilikuwa inasukumwa kurudi ilikotoka. Nyambura alikuwa amelala, kifua chini ya bandeji kikipanda na kushuka.

"Walisemaje?" Njeri akanong'ona.

"Wameupenda sana."

"Nini?"

"Mkojo wa mtoto wako."

Alicheka mpaka nesi akatutolea macho. Na nikaapa pale pale kwamba simu yangu haitaunganishwa tena na ukuta wa mtu yeyote. Ikaanza kuita mkononi, namba ya ile ofisi. Labda ni kazi, labda ni mwavuli wangu niliousahau mlangoni. Kwa mara ya kwanza sikutaka kujua. Nikaizima kabisa, nikavuta kiti, nikakaa kuangalia tone likishuka mfukoni, halafu lingine.