Kidole Kilichokubali

Saruji haina adabu. Humla fundi polepole, kama mgeni anayeanza kwa kuomba maji ya kunywa na kuishia kuomba kitanda. Baba yake msusi alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mji ule, na saruji nayo ikawa imejilipa kwenye mwili wake: viganja vigumu kama gamba, vidole vilivyopasuka kwenye maungo, na ncha zilizolika zikabaki tupu, hazina hata ule mchoro mdogo ambao kila mwanadamu huzaliwa nao. Mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye chuma inayopima wima wa ukuta, kwa sababu hakujenga ukuta ukalala wala hakutoa neno likapinda.

Uzeeni alihamia kwa binti yake, mtoto wa kati, aliyekuwa akisuka nywele kwenye baraza la nyumba yake ya vyumba viwili. Msusi alimwekea kiti cha mkono karibu na mlango, na wateja wakamzoea kama walivyozoea kioo. Alisikia umbea wote na kuusahau kabla ya chai ya saa kumi. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho, na mtu akimuuliza ana watoto wangapi hakukosa jibu.

"Wa tumbo watatu, wa jicho mmoja. Huyu wa jicho hajawahi kunikimbia."

Wateja walicheka. Msusi alicheka pia, ingawa alijua mzaha huo uliwalenga kaka yake na mdogo wake.

Pesa zilikuwepo. Kiwanda kilipopanuliwa, wenye kiwanda walinunua kiwanja cha mzee pamoja na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, wakamlipa vizuri. Wakati huo akili yake ilikuwa bado imenyooka. Aliwaita watoto wote, akawakalisha kwenye jamvi.

"Hizi si urithi," alisema. "Urithi ni wa maiti, na mimi bado nakunywa chai. Hizi ni za kutibu macho yangu na kunilisha mpaka mnizike. Kitakachobaki mtagawana. Mmesikia?"

Walisikia. Kaka mkubwa, dalali wa magari ambaye hata mkewe alimwita Dalali, ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi. Kitindamimba, fundi redio mwenye duka dogo la kupanga, aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuitikia kila jambo la kaka yake.

Benki, dole gumba la kushoto la mzee lilisomeka kwenye mashine ya alama za vidole mara moja tu, siku ya kufungua akaunti, baada ya karani kulipangusa, kulipuliza na kulibembeleza kama mtoto anayekataa uji. Tangu hapo likagoma. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, aliwaeleza utaratibu wao. Kidole kikisomeka, mzee anachukua pesa zake akiwa na yeyote aliyemleta. Kikikataa, watoto wote watatu wasimame mbele ya dirisha, watie saini pamoja.

Ilikuwa adha. Dalali alilazimika kuacha wateja, Kitindamimba kufunga duka, msusi kumwacha mtu na kichwa nusu. Kila walipohitaji pesa za dawa au godoro la mzee, walisimama foleni wote watatu wakivilaani vile vidole. Hakuna aliyefikiri kwamba mikono ile mibovu ndiyo ilikuwa kufuli.

Kiangazi kilipokuja, mipasuko ilianza kutoa damu. Mzee alishika kikombe cha chai akakunja uso. Mteja mmoja wa siku nyingi, Mama Pacha, ambaye kichwa chake kilichukua nusu siku kusuka na mdomo wake haukupumzika hata dakika, ndiye aliyetoa ushauri.

"Mpake glisirini, shoga. Changanya na mafuta ya mgando, halafu mvishe soksi mikononi. Mimi ndivyo nilivyomfanyia mama mkwe, na hata shukrani sikupata."

Mafuta hayakosekani kwa msusi. Kila jioni, akishafagia nywele barazani, alikaa kwenye kigoda mbele ya baba yake, akakilaza kiganja chake pajani na kukipaka. Alianza kwenye kifundo, akashuka kidole kwa kidole, akisugua taratibu kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya zamani. Mzee alifumba macho. Wakati mwingine alisimulia nyumba alizojenga, ukuta kwa ukuta. Wakati mwingine alimwita kwa jina la marehemu mama yao, na msusi hakumsahihisha. Ngozi ikalegea, mipasuko ikaziba. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni mwake, baba yake alimshika shavu na shavu halikukwaruzika.

Siku hiyo Dalali alikuwepo. Aliuchukua mkono wa mzee, akaugeuzageuza kwenye mwanga.

"Eh, mzee. Mikono imekuwa ya bwana harusi."

"Ni huyu dada yako," mzee alisema. "Ananinyoosha."

Baada ya hapo Dalali akawa mtoto mwema. Alikuja na gari la mteja, leo jeupe kesho jekundu, akamchukua mzee "akapunge upepo." Mzee alirudi na kofia mpya, au na pakiti ya biskuti kifuani. Msusi alifurahi. Alimwambia Mama Pacha kwamba damu ni damu, hata ichelewe vipi. Mama Pacha alibadili mazungumzo haraka.

Hospitali ilipompangia mzee siku ya kupasuliwa jicho, msusi alimshika baba yake mkono, wakaenda benki kuuliza salio kabla ya kuwasumbua wengine. Karani alitazama mashine, akaivua miwani.

"Dada, zilizobaki ni kidogo. Mzee amekuwa akija na mwanawe. Siku hizi kidole kinasoma vizuri kabisa." Akatabasamu, akidhani analeta habari njema. "Mmempaka nini?"

Msusi alitazama lile dole gumba, laini, linang'aa, na mistari yake myembamba imerudi kama majani baada ya mvua. Yeye ndiye aliyeirudisha, jioni baada ya jioni, kwa upendo na glisirini.

Alimkuta Dalali kwenye uwanja wake wa magari, akipangusa kioo cha gari lisilo lake.

"Nimeazima," Dalali alisema, hata kabla hajaulizwa. "Pesa zikilala hazizai. Nimezizungusha, zitarudi na watoto wao."

"Na jicho la baba?"

"Jicho limengoja miaka. Litashindwa mwezi?"

"Na mdogo wetu anajua?"

"Mdogo wetu amepata rafu mpya dukani kwake. Wewe ungekuja vizuri nawe ungepata. Lakini wewe, dada yangu, umejifanya mlinzi wa kaburi kabla ya maiti."

Msusi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee wa busara za bei nafuu, aliyemsikiliza mpaka mwisho huku akichokonoa meno.

"Mwizi anavunja mlango, binti yangu," alisema. "Huyu alibisha hodi, na mwenye nyumba akafungua mwenyewe kwa kidole chake. Yamalizeni ndani."

Alikwenda mahakamani, wakampa tarehe ya mbali, na Dalali hakuwa mtu wa kungoja tarehe. Akarudi kwa karani wa benki, ambaye sasa hakutabasamu tena. Karani alisema mzee akitamka mwenyewe kwamba hataki kuchukuliwa pesa, ataweka zuio siku hiyo hiyo. Msusi alimvalisha baba yake shati safi, akampeleka. Lakini akili ya mzee asubuhi hiyo ilikuwa imesafiri.

"Mzee wangu," karani aliuliza, akiinama dirishani, "unataka mwanao mkubwa azuiwe kuchukua pesa zako?"

"Azuiwe?" Mzee alishtuka. "Yule ni mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa mvua inanyesha, nikamfunika kwa koti langu. Mpeni anachotaka."

Walirudi nyumbani. Msusi alikaa barazani, chanuo mkononi, asimsuke mtu. Aliiangalia mikono ya baba yake magotini, imetulia kama ndege wawili waliolala, na wazo lilimjia ambalo hakulipenda. Alilifukuza. Likarudi na kukaa.

Siku iliyofuata alinunua mfuko wa saruji na mchanga wa mkokoteni mmoja.

"Baba," alisema, "ukuta wa uani umechubuka. Mafundi wa siku hizi wananitajia bei mpaka nasikia kizunguzungu. Utaniwekea plasta?"

Uso wa mzee ulifunguka kama dirisha. Alidai mwiko wake, karai lake, suruali yake ya kazi. Hakuiona saruji, akaipima kwa viganja vitupu, akaichanganya kwa vidole, akasikiliza uzito wake.

"Mchanga huu una udongo. Nani kakuuzia?"

"Yule wa pale kona."

"Kakupiga. Mwambie Timazi kasema hivyo."

Aliupapasa ukuta kama mtu anayemtafuta ndugu gizani. Alirusha, akasawazisha, akarudia. Aliimba kwa sauti ya chini. Msusi alimtazama kutoka mlangoni na hakuweza kusema kama alichokuwa akimpa baba yake ni zawadi au adhabu. Ukuta ulipokwisha alimpa wa choo. Wa choo ulipokwisha, alibomoa kwa siri kipande cha ule wa kwanza, mzee aukute na kasoro.

Mikono ilianza kuwaka. Ngozi iliyozoea mafuta haikuwa tena ngozi ya fundi, na saruji iliipata mbichi. Jioni mzee alikaa kitini, akainyoosha mbele yake, akangoja. Msusi alifagia nywele zilizokwisha kufagiwa.

"Mama," mzee alimwita, "yale mafuta yameisha?"

"Yameisha, baba."

"Basi ukipata pesa."

"Nikipata, baba."

Chupa ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kioo, imejaa. Usiku ule alimlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kwa sababu vidole vyake havikuweza kushika. Kesho yake Mama Pacha aliona viganja vya mzee, akaacha kuzungumza katikati ya sentensi, na kichwa chake kilipokwisha kusukwa alilipa na kuondoka bila kuaga. Hakurudi tena. Msusi hakumfuata kumweleza. Angemweleza nini?

Dalali alikuja na gari la kijani, akamchukua mzee, na hata chai jikoni ilikuwa haijachemka aliporudi naye. Alimsukumia mzee kitini, akaukamata mkono wake na kuuinua.

"Umemchuna baba," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na huenda kwa mara ya kwanza ilikuwa ya kweli. "Wewe, unayejiita mwenye huruma. Umemchuna baba yako ngozi."

"Nimemchuna ngozi," msusi alisema. "Wewe ulikuwa umefika kwenye mfupa."

"Kidole kimekataa."

"Basi tutakwenda wote watatu, kama zamani."

Walikwenda wote watatu, na mzee katikati. Walisimama mbele ya dirisha. Karani aliwapa karatasi ya kutia saini, akauliza kiasi. Msusi alitaja gharama ya jicho, tena jicho moja tu, maana zilizobaki hazikutosha mawili.

"Nitie saini kwa haja yako wewe," Dalali alisema, "halafu kwa haja yangu nani atatia? Nina gari linangoja malipo. Tugawane nusu kwa nusu."

"Nusu haipasui jicho, kaka."

"Basi hata kalamu sishiki."

Msusi alimgeukia mdogo wao. "Na wewe?"

Kitindamimba aliangalia viatu vyake. "Kaka akitia, na mimi natia."

"Na kaka asipotia?"

Foleni nyuma yao ilianza kuguna. Mtu mmoja alisema wakagombane nje. Karani alingoja, akangoja tena, kisha akaivuta karatasi na kuirudisha upande wake wa kioo, taratibu, kama mtu anayefunika uso wa marehemu.

"Siku mtakayokubaliana," alisema.

Dalali alitangulia kutoka. Kitindamimba alisita mlangoni, akamgusa mzee bega, kisha akamfuata kaka yake. Msusi alibaki na baba yake kwenye ngazi za benki. Pesa zilikuwa salama. Hakuna mkono ambao ungezifikia sasa, wa mwizi wala wa daktari, na siku ya hospitali ingepita kama siku nyingine yoyote.

"Wale walikuwa wanagombania nini?" mzee aliuliza.

"Pesa, baba."

"Za nani?"

"Za mzee mmoja."

"Mwenyewe yupo?"

"Yupo. Alikuwa amesimama pale pale."

Mzee aligeuza uso wake kuelekea mlangoni, kana kwamba macho yangeweza kumwona. "Muda wote ule wamemsimamisha? Hana watoto?"

"Anao."

"Basi waambie wampeleke nyumbani. Atakuwa amechoka."

Msusi alimshika kifundo cha mkono, maana kiganja hakikushikika, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, wakavuka barabara.