Chumba Kilichoimba Kuliko Kwaya

Naikumbuka vizuri siku ambayo Mwalimu Wafula alisimama katikati ya studio yangu, akapiga makofi mara moja, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa. Nyuma yake kwaya nzima ya kanisa ilikuwa imejipanga ukutani, akina mama na sare zao zimepigwa pasi, wanaume wamefunga tai kana kwamba maikrofoni inapiga picha. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta nikingoja kusifiwa. Nilikuwa na hakika kwamba sifa ziko njiani.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu picha ya spika unazotamani, kubwa kama friji, ukaniambia umepata chumba na sasa unataka kufungua studio yako. Nilifurahi sana. Mimi siwezi kumkataza kijana ndoto hiyo, maana ndiyo iliyonilisha na kuwasomesha ndugu zako. Lakini kabla hujakimbilia mjini kununua spika, kunywa chai kwanza. Haraka haraka haina baraka, na duka halihami.

Wakati huo nilikuwa rika lako. Nilikuwa fundi wa redio hapa mjini Eldoret, nikishinda nimeinama juu ya redio za watu, na kila redio niliyoponya iliniambia kwamba na mimi ningeweza kuwaimbisha watu. Nilinunua kompyuta ya mtumba, maikrofoni moja nzuri na spika mbili ambazo ungezisikia kutoka barabarani. Kilichobaki kilikuwa chumba, na chumba kilichokuwa wazi hapa nyumbani, mtaa wa Pioneer, kilikuwa kimoja tu, stoo ya mahindi ya Baba.

Stoo ile haikuwa stoo tu. Shamba letu liko Burnt Forest, na zamani mahindi yalikuwa yakilala kule kule. Kisha zikaja vurugu za uchaguzi, ghala ikachomwa, mahindi yakateketea na karibu sisi pia tuteketee. Tulipohamia hapa, Baba aliapa kwamba mahindi yake hayatalala tena mahali ambapo yeye mwenyewe hajalala. Akajenga stoo ya mawe nyuma ya nyumba, sakafu ya saruji, paa la mabati, mlango wa chuma, na ufunguo akautia kwenye kamba akauvaa shingoni. Hata kanisani alienda nao.

Basi nilipomwomba chumba kile nilijua ninachoomba. Aliushika ule ufunguo shingoni.

"Saa hii iko tupu," akasema. "Nitakufungulia, ukae nayo mpaka mavuno. Lakini mahindi ikikuja kabla nisikie kitu ya maana kutoka kwa hiyo mashine yako, unatoa vitu zako zote. Na hakuna kuniletea story."

"Sawa, Baba. Utasikia."

Na niliamini atasikia. Ujana una raha yake, mwanangu, unaahidi kwanza halafu unatafuta njia baadaye.

Nikaanza na urembo. Kuta nilizipaka rangi ya mafuta ya buluu, ile inayong'aa mpaka ukipita unajiona. Sakafu niliipiga deki na kuipaka nta nyekundu. Nikaweka meza, nikaweka zile spika zangu kwenye kona, zimebanwa kabisa ukutani ili zionekane mara tu mtu anapofungua mlango. Vijana wa boda boda wa stejini walikuja kuchungulia, wakasema hii sasa ni studio ya Nairobi. Kumbe wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi sote tulikuwa tunasifu mlango.

Mwalimu Wafula ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali kuja. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa magharibi, karani kwa kazi yake ya siku, na kwa kipaji mwalimu wa kwaya ambaye waimbaji walimwogopa kuliko mchungaji. Aliwaleta watu wake mchana wa Jumamosi. Wakaimba. Mwanangu, wakaimba! Nilisisimka mwili mzima. Kisha nikawafungulia wasikie walichoimba, na kilichotoka kwenye zile spika kilikuwa kama watu walioangukia ndani ya tangi la maji na sasa wanaitana. Sauti ya kwanza haikutofautika na ya tatu. Maneno ya wimbo yalikuwa yamepondana. Na kabla hatujarudia, mvua ya alasiri, hii mvua yetu ya Eldoret ambayo kila mtoto anaijua saa zake, ikaanguka juu ya mabati, na hapo hata kusikizana kwa mdomo kukatushinda.

Ndipo Mwalimu aliponyanyuka. Alingoja mvua ipungue, akasimama katikati, akapiga makofi ile mara moja. Makofi yalijirudia kwenye kuta, yakatetemeka hewani, yakafa polepole.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia nini, Mwalimu?"

"Hii room inaimba kushinda kwaya yangu. Kijana, wewe umenunua masikio ya bei kali, ukaenda ukaiweka kwa choo. Hiyo maikrofoni haina makosa. Inasema tu chenye inaambiwa na ukuta." Akachukua koti lake. "Siku chumba yako itajifunza kunyamaza, niite. Nitakuja."

Wakaondoka wakikanyaga matope na viatu vyao vya Jumapili. Nilikasirika sana. Nilijiambia Mwalimu ni mzee wa nyimbo za vitabuni, mambo ya kompyuta anayajulia wapi? Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na nilipobaki peke yangu nikajaribu makofi yake, debe likavuma.

Nikafanya kile ambacho kila kijana hufanya, na ambacho nadhani wewe pia umeshakipanga. Nilizunguka kwenye vibanda vyote vya chipsi na mayai nikiomba trei tupu, nikazigundisha ukutani kutoka chini mpaka juu. Usicheke. Zilipendeza, na ule mlio mwembamba wa juu ulipungua kidogo. Lakini ule mvumo mzito ulibaki pale pale, na mvua iliendelea kupiga mabati bila kuuliza kama kuna trei. Waliofaidi hasa walikuwa mende. Nikafikiria kununua spika kubwa zaidi. Mtu akishapotea njia, mwanangu, jambo la kwanza linalomjia ni kuongeza mwendo.

Mavuno yakafika. Asubuhi moja lori kutoka Burnt Forest likaingia uani, magunia yamepangwa mpaka juu, na Baba ameketi mbele kando ya dereva akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alishuka, akanijia.

"Nimengoja. Sijasikia kitu."

"Baba, nipatie tu mwezi moja..."

"Mahindi haitalala nje."

Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Wabebaji wakaanza kuingiza magunia. Wakayapanga kwenye kuta zote nne, yakizilalia trei zangu, mpaka karibu na paa. Mengine wakayalaza darini, kwenye mbao zilizopita chini ya mabati. Mimi nilinuna. Nilikataa kugusa chombo hata kimoja, basi wao wakaisukuma meza yangu katikati, wakaifunika kompyuta na shuka, wakaiacha maikrofoni imesimama peke yake kwenye kinjia kilichobaki. Niliingia ndani nikalala na njaa. Nilihisi kwamba kila nilichokuwa nakitaka duniani kimezikwa chini ya mahindi, na kwamba Baba ndiye aliyeshika jembe.

Kesho yake, jua likiwa limechomoza, nilikwenda kung'oa nyaya. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa ndani, akipapasa gunia baada ya gunia kuona kama kuna lenye unyevu, na alikuwa akiimba.

Ngoja nikueleze uzito wa hilo. Baba yangu alikuwa mwimbaji shambani nilipokuwa mdogo. Alikuwa na wimbo wa kupalilia wa lugha yetu, aliofundishwa na babake kule walikotoka, upande wa mlima. Tangu ghala ilipochomwa, sikuwahi kumsikia akiuimba tena. Sote tulijua na hakuna aliyemuuliza. Na sasa alikuwa akiimba taratibu, akijiimbia, kwa sababu mahindi yalikuwa yamefika na yako chini ya paa lake.

Nilisimama mlangoni. Kitu cha pili kilichonishangaza ni namna sauti ile ilivyonifikia. Kila neno lilikuwa safi na karibu, kama mtu anayekunong'onezea. Hakuna mvumo wala tangi la maji. Nikapiga makofi. Yalitoka mikononi mwangu yakaishia hapo hapo, yamemezwa na mahindi.

Baba akageuka. "Unafukuza panya?"

"Baba, imba tena. Tafadhali."

"Mimi? Niimbe nini? Mimi si mtu wa kwaya."

"Ile ya kupalilia."

Nilikuwa tayari nimeivuta shuka na kuiwasha kompyuta. Naye, sijui ni furaha ya mavuno au ni kunihurumia, akaegemea magunia, akafumba macho, akaimba. Akaimba wimbo mzima, na beti nyingine ambazo mimi sikuwahi hata kuzijua. Mimi nilirekodi. Nilisahau kabisa kununa.

Alipomaliza nilimvika zile spika za masikioni, nikamfungulia. Alikunja uso mwanzoni. Kisha uso ukalegea. Akaketi juu ya gunia polepole, akasikiliza mpaka mwisho, akaniashiria nirudishe mwanzo.

"Huyu si mimi," akasema.

"Ni wewe, Baba. Ni saa hii tu."

"Hapana. Huyu ni baba yangu. Hivi ndivyo alikuwa anaimba." Na machozi yakamtoka mbele yangu, mzee yule ambaye ghala yake ilipowaka alisimama macho makavu. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Baadaye akajipangusa na kofia yake, akaivua ile kamba shingoni, akanivisha mimi.

"Chumba ni yako. Lakini mahindi inabaki."

"Ibaki, Baba! Ukiiondoa nimekwisha."

Nilimwita Mwalimu Wafula wiki hiyo hiyo. Aliingia, akaona waimbaji wake watabanana kati ya magunia, akapiga makofi yake. Safari hii alitabasamu. Kwaya ilirekodi asubuhi, ikipiga chafya za vumbi kati ya wimbo na wimbo, na kazi ile ilichezwa hapa mjini mpaka Timboroa, ndiyo iliyonifungulia njia. Mahindi yalipokuja kuuzwa, tuliyajaza yale magunia magunzi, tukayarudisha ukutani na darini, na mpaka leo ukiingia studio yangu ukalifinya gunia chini ya kitambaa utasikia magunzi yakilia. Wageni wanadhani ni teknolojia.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Anza na chumba. Simama katikati, piga makofi, na ukubali unachoambiwa. Tundika blanketi, simamisha godoro, leta kabati lililojaa nguo, leta magunia, chochote kizito na laini ambacho nyumba yako inacho. Maikrofoni moja nzuri inakutosha kuanzia, na spika ndogo zilizowekwa mbali kidogo na ukuta zitakuambia ukweli kuliko zile friji zako. Rekodi asubuhi, kabla ya mvua. Hifadhi kazi yako kila mara, maana stima, huu umeme wetu, haiagi ikiondoka. Na akija mtu mzima akakwambia chumba chako kinapiga kelele, usimkasirikie kama nilivyomkasirikia Mwalimu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwingine hugundisha trei za mayai nyumba nzima.

Lakini kuna la kwanza kabla ya hayo yote, nalo halihitaji hata studio. Baba alifariki. Hilo unalijua, ulikuwepo ukibebwa mgongoni. Picha zake ninazo, koti lake ninalo, ila siku nikimkosa sana huwa siziangalii. Huwa naingia stoo asubuhi kabla ya wateja, nafunga mlango, namfungulia aimbe. Anaimba akiwa karibu yangu, mahindi yamemzunguka, hana hofu ya kitu.

Mama yako yuko jikoni sasa hivi, na nimemsikia akiimba tangu tulipoketi. Wewe umemsikia? Spika zitangoja. Nenda ukamrekodi, hata kwa hiyo simu.

Mungu akupe chumba kinachojua kunyamaza, mwanangu, akupe watu wa kukijaza kwa sauti zao, na hao wenye sauti akuwekee mpaka uwe umewasikiliza vya kutosha. Amina. Haya, inuka, kabla hajamaliza wimbo.