Pini Tatu za Flaiwili

Juzi, kwenye mlima wa kutoka Merigi, lori la majani chai lililokuwa mbele yetu lilianza kutoa harufu ya klachi inayoungua, kali kama nywele zilizoguswa na moto. Wenzangu walifunga madirisha. Mimi nilifungua langu. Mtanicheka, lakini hiyo ndiyo harufu ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi aliyetoka Vihiga kuja kutengeneza mashine za kiwanda cha chai, akaoa, akabaki. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi niliyojipa ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuuliza maswali mpaka aniambie nikamsumbue mama.

Wiki moja Kipkemoi, mfugaji kijana aliyependa mashindano, alileta gari lake dogo la mbio. Klachi ilikuwa imekwisha. Alileta pia flaiwili mpya, lile gurudumu la chuma linalokaa kati ya injini na klachi. Ile ya zamani sikuweza hata kuisogeza. Mpya niliibeba kifuani kama sinia ya ugali.

"Kwa nini unataka nyepesi?" nilimwuliza.

"Injini inaamka haraka. Ukikanyaga mafuta tu, imeenda."

"Na ukitoa mguu?"

Baba alicheka. "Inalala haraka pia. Hii milima yetu itamfunza."

Kufikia Ijumaa jioni giaboksi ilikuwa imerudishwa, kila kitu kimefungwa, na mashindano yalikuwa kesho yake. Nilipokuwa nikimwaga mafuta machafu, niliona pini tatu fupi, nene kama penseli, ndani ya karai la kuoshea vyuma. Nilimpelekea baba mezani.

"Baba, hizi zinaendaga wapi?"

Alizitazama, akaweka kikombe chini. Pini hizo ndizo hushika klachi katikati ya flaiwili, isihame hata kidogo. Alikuwa amezigonga zikatoka kwenye ile nzito ili azihamishie kwa mpya, akasahau. Kwa mwendo wa mashindano, klachi ingeweza kupasukia miguuni mwa dereva. Hayo alinieleza baadaye. Jioni ile alisema tu, "Nenda kwa mama yako," akachukua spana.

Asubuhi Kipkemoi alifika na helmeti mkononi, akakuta giaboksi iko chini tena.

"Fundi, si uliniambia iko tayari?"

"Nilikosea. Nilisahau pini." Kisha baba akaninyooshea kidole. "Huyu Mideva ndiye ameona."

Kipkemoi alinigeukia amekunja uso. Mashindano yalikuwa yamempita. Nilikimbia nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikiwa na hakika kwamba baba amenitupia mimi hasira za mteja. Siku nzima sikumsemesha. Hata Jumatatu, gari lilipozimika mara mbili langoni kabla ya kushika mlima, na baba akacheka, mimi sikucheka.

Angeweza kusema spea imechelewa. Nani angejua? Siku hizi nasimamia watu kazini, nami nimewahi kukosea na mdogo wangu wa kazi akaona. Nimejua jinsi jina la aliyeona linavyogoma kutoka mdomoni. Baba alilitaja langu mbele ya mteja aliyekasirika, bila hata kuulizwa. Alikuwa ananisifu, na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba alinishtaki.