Kitabu Yenye Mutani Yangu Alibeba ku Kilio

Bantu balinicheka mingi juu ya ile vitabu. Wakati bazungu ya Élisabethville balikuwa banarudia Ulaya, balikuwa banauzisha vitu ku barza, na karatasi yenye ilikosa mununuzi ilikuwa inafika ku soko ya Kamalondo, bamama banafungiamo karanga. Mi njo nilikuwa nachagua pale. Nilikuwa natafuta vitabu ya masomo ya baofisie, bakubwa ya jeshi: kila mwaka ile masomo ilikuwa inatoa kitabu moja yenye sura ya bale vijana bote, na kila mumoja anatia mukono chini ya sura yake. Bamoja kati yabo bakakuwa mashujaa ya vita.

Moja njo nilipenda kupita zote. Ndani mulikuwa sura ya kapiteni yenye aliongoza yaya yangu, mutoto mwanaume ya kwanza ya mama, mu vita ya Abisinia. Yaya hakurudia, hata kaburi yake hatukuonyeshwa. Wakati kapiteni alipita mu muji, bantu banamupigia makofi, nilimungojea na kitabu mu mukono. Alicheka kuona ujana wake. Nikamuomba akumbuke yaya. Akaandika jina ya yaya chini ya sura yake, na kusema alikufa pembeni yake, askari wa kweli. Mama hakujua kusoma, lakini kila siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anapitisha kidole pale.

Baba akakufa. Ku kilio, batani ya kabila yetu bakafika kufanya kazi yabo: kutukana marehemu, kuchekesha bafiwa, kubeba kitu ya mu nyumba. Huwezi kukasirika. Kisha kilio unamupelekea mutani kuku, anakurudishia kitu yako. Iko vile tangu bankambo, bazee ya zamani. Mutani yangu, rafiki wa utoto, karani ku reli, akachukua ile kitabu, akaiweka ku kichwa, akacheza. Tulicheka bote, mi mupaka machozi.

Nikapeleka jogoo, ya kunona. Bibi yake akapika, tukakula. Nikaomba kitabu. Akapangusa midomo, akaanza habari ya nyumba mupya ya matofali yenye balimupa ku reli, na ya bwana yake wa kazi, muzungu yenye anapenda vitu ya kale ya jeshi. Njo nikaelewa kitabu ilienda kwa nani. Kweli, kikulacho kiko mu nguo yako. Nikamusihi aombe hata ile ukurasa moja tu.

Akasema bwana alikata maneno ya chini na wembe, eti jina ya mweusi inachafua mukono ya shujaa.

“Ulimuona anakata?”

“Mi njo nilimushikia kitabu,” alisema. “Usikasirike, ndugu. Iko utani. Ulicheka wewe mwenyewe.”

Nilikuwa ningali na nyama ya ile jogoo mu meno. Nilimuchukia pale pale, na mupaka leo namuchukia. Nikasimama, nikarudia kwetu bila kuaga.

Mama alikuwa ku barza, amevaa kitambaa yake ya misa. Akaangalia mikono yangu, akauliza:

“Umemurudisha mutoto yangu?”