Kabila Lililoitwa "Wenyewe"

Juzi, nikiwa kwenye duka la kuchapa pale Mwanjelwa, mwalimu mstaafu alileta daftari lake kuhusu majina ya makabila ya kale ya Italia. Binti wa kompyuta akamuuliza, "Mwalimu, Wasabini maana yake nini?"

"Wapo wanaosema ni 'wenyewe', watu wa kwetu. Shina hilo liko hadi kwenye lugha za India."

"Nitoe nakala ngapi?"

"Zamani zilikuwa mbili. Mama yenu alisoma moja, akinisahihisha. Tulimzika kule Ilomba mwezi wa nne. Toa moja."

Nikamwomba na mimi nipate nakala. Akavua miwani. "Utasoma, au unanihurumia?"

Nilichelewa kujibu, naye akaondoka. Kila wiki napata maneno ya kujaza safu hii ya gazeti. Siku ile nilikosa moja tu: nitasoma.