Kaya Yenye Umeme

Mjomba tulimwita Bwana Asilimia, na wala hakuona vibaya. Ofisini kwao walijumlisha nishati ya dunia: nani anachoma makaa ya mawe, nani mafuta, nani bado anapuliza kuni. Nyumbani alitumwagia takwimu kabla hatujanawa mikono.

"Kula kwanza, baba. Dunia haiendi popote," mkewe alimwambia. Ndiye aliyenilea, nami nilimwita Mama.

Mapafu ya Mama yalikuwa yameharibiwa na moshi wa mkaa, maana alipikia wanafunzi tangu ujana wake. Daktari alimruhusu arudi nyumbani na mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani. Basi uhai wake ukawa mikononi mwa umeme wa mtaa wetu, umeme wenye nyodo, unaokuja ukitaka na kuondoka bila kuaga. Mtungi wa oksijeni wa akiba ulidumu muda mfupi tu.

Majirani tuliomba transfoma mpya. Shirika la umeme likajibu kwamba mtaa wetu una umeme kwa asilimia mia moja. Tusubiri, wasio nao watangulie. Watu walitukana. Mjomba hakuungana nao, kwa sababu hesabu ile ilitoka ofisini kwake: nyumba yenye mita ni kaya yenye umeme, hata mita ikilala kutwa nzima. Hata mdadisi wa ofisi hiyo, anayepita nyumba kwa nyumba na maswali, alipobisha hodi kwetu, Mjomba ndiye aliyemjibu, "Tunao."

"Sema tunao kwa jina!" Mama alicheka, mpira wa hewa ya mashine ukiwa puani.

"Kaulizia kuwa nao, mke wangu. Hakuulizia kuwaka."

Nilitamani kumrushia kandambili.

Baada ya jibu lile la shirika alimwomba mkuu wake waulize pia umeme unawaka saa ngapi kwa siku. Mkuu akakataa: wakibadili swali, hawataweza kujilinganisha na nchi nyingine. Mjomba alirudi amenywea, akala bila kutaja namba hata moja.

Umeme ulikatika adhuhuri moja. Mtungi uliisha tukiwa bado tunahangaikia gari, na Mama akakata roho ameshika mkono wa shati la mumewe. Sijawahi kuona mtu akiomba msamaha kama Mjomba alivyomwomba.

Tuliporudi kutoka kumzika, umeme ulirudi. Chumbani mashine ikaanza kusukuma hewa yenyewe, mpira ukiwa juu ya mto. Jirani akanyoosha mkono aizime.

"Iache," Mjomba alisema.

Akakaa kitandani, akaushika ule mpira shavuni, akalia kwa sauti mpaka umeme ulipokatika tena.