Mwanne na Nyumba za Mabua

Mwanne binti Abbasi alikuwa mtu wa Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani, na kusema kweli siku ya kwanza nilipomwona sikumpenda. Alishuka kwenye lori la kijiji na gunia kichwani. Nikajua ni mchele. Kumbe vitambaa vitupu, mabaki ya dukani kwa baba yake! Nikamwambia, "Dada, huku watu hawana nyumba, wewe unatuletea matambara?" Akacheka. "Ni ya kushonea wanasesere," akasema. Haya.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Usoke. Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ilikuwa imepita kwetu miezi miwili nyuma. Mgambo walikuja asubuhi, wakatupiga marungu, wakatia moto nyumba, wakatupakia kwenye malori mpaka kijiji kipya, porini, hakuna hata kisima. Kamanda wao, Damas, ndiye aliyebaki kututawala. Mwanne aliletwa kulea watoto wa chekechea wakati mama zao wako kwenye shamba la tumbaku. Mimi, Zamda, nilikuwa mpishi wa uji.

Kati ya watoto hao alikuwemo Benedikta, wa miaka mitano. Bibi yake alikuwa jirani yangu, na siku ya moto aliungulia ndani ya nyumba. Damas alieleza kwamba bibi alikwisha toka, kisha akarudi kwa siri kufuata asali yake. Habari ikaishia hapo. Tangu siku hiyo Bene hakutamka neno. Nilimchukua nikakaa naye, na watu wakanisifu sana, eti Zamda ana moyo.

Mwanne aliapa kwamba haondoki kijijini mpaka mtoto huyu aseme. Akamshonea mwanasesere, akamfundisha mchezo wa kidali po. Wapi! Watoto wale walikuwa na mchezo mmoja tu. Wanajenga nyumba ya mabua na udongo, wengine wanaingia ndani, wengine wanakuwa mgambo. "Toka! Toka nje!" Wanabomoa, wanapigana ngumi za kweli. Elieza aling'olewa jino. Alois alichanwa sikio. Bene yeye alisimama kando ya nyumba, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mpaka bua la mwisho lianguke.

Mchezo ule niliuchukia. Nilichukua mwiko wa uji nikawachapa. Nilimchapa hata Bene, mgongoni, mbele ya wenzake. Mwanne akaninyang'anya mwiko.

"Waache wacheze, dada."

"Watauana hawa!"

"Hakuna moto, hakuna mawe, na aliyekuwa mgambo leo, kesho anaingia ndani. Nimeshawaambia. Mengine waache wayatoe. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Wewe hukuwepo!"

"Ndiyo maana natazama," akasema. "Wewe ulikuwepo. Mbona hutaki kutazama?"

Nikageuka kukoroga uji wangu. Ulikuwa umeshaungua.

Damas akapata habari, akaja mbio. "Mchezo huu ni wa kupinga serikali! Jumatatu anakuja mgeni kutoka wilayani. Watoto waimbe. Nikiona bua moja, chekechea naifunga, na wewe unarudi kwenu kwa miguu."

"Nimesikia, Ndugu Damas," Mwanne akajibu. Kusikia alisikia. Kutii ndiko hakutii.

Jumatatu watoto waliimba vizuri, mgeni akapiga makofi. Damas akamtembeza kuona jiko, na nyuma ya jiko palikuwa na nyumba ya mabua. Bene aliijenga mwenyewe, peke yake, kwa mara ya kwanza. Alisimama kando yake, mikono mdomoni. Damas akaipiga teke kwa buti lake, mabua yakaruka.

Bene akashusha mikono. "Bibi yumo ndani!" Sauti ilikwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kutumika. "Bibi yumo! Nilikwambia yumo!"

Damas akainua rungu. Mwanne akajitupa juu ya mtoto, rungu likampata mkono wa kulia, nikasikia mfupa, ko! Akampiga tena begani, akampiga kichwani, damu ikamfunika jicho, na mwanamke yule amemlalia mtoto hasogei. Mgeni akapiga kelele, "Acha! Acha, bwana!"

"Mtoto mwongo," Damas akasema, anahema. "Nani alimsikia siku hiyo?"

Mgeni akauliza tena kama yupo aliyesikia. Bene akachungulia chini ya kwapa la Mwanne, akanitazama mimi, halafu polepole akajiziba mdomo.

Jamani, siku ya moto ni mimi niliyekuwa nimemshika mtoto yule. Alipiga kelele mara moja, bibi yumo ndani, Damas yuko mbele yetu na kiberiti mkononi. Alipotaka kusema mara ya pili nilimziba mdomo kwa kiganja changu, kwa nguvu, maana niliogopa tutapigwa. Sikuutoa mkono mpaka paa lilipoanguka.

"Alisema," nikajibu. "Damas alisikia. Na mimi ndiye niliyemziba mdomo."

Mgeni aliondoka na Damas. Usidhani alifungwa! Alihamishiwa kijiji kingine, upande wa Sikonge, cheo kilekile. Mwanne alikaa nasi miaka sita mingine, ingawa nadhiri yake ilikwisha timia. Mkono uliunga vibaya, akajifunza kukata vitambaa kwa kushoto.

Lakini mimi nakumbuka kesho yake. Mwanne alikuwa ameketi uwanjani, mkono umefungwa vijiti. Bene akajenga nyumba yake, akaja jikoni, akanivuta kanga.

"Mama Zamda, leo wewe uwe mimi."

Nikacheka kwa woga. "Mwanangu, mimi mtu mzima, nina uji motoni."

Hakuniachia. Akanipigisha magoti kando ya nyumba, akasimama nyuma yangu, akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye udongo, kwa nguvu zake zote. Watoto wakaanza. Toka! Toka nje! Mabua yakavunjika usoni mwangu. Pumzi ikanikatika, machozi yakanitoka, nikamtafuta Mwanne kwa macho aje aniokoe.

Mwanne hakuinuka.

"Cheza, dada Zamda," akasema.